Jicho la Kushoto la Baba

Shangazi Lesieli aliitoa picha ya baba kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya cherehani yangu, juu ya sare ya mtoto wa watu niliyokuwa naishona, akasema, "Itengeneze."

Hakuuliza hali. Hakusema naomba. Alikuwa ametoka kijijini kwake Kanokupolu kwa basi la asubuhi, na alichotaka ni chai, mkate na picha itengenezwe. Picha yenyewe ilikuwa imelala kwenye maji ya chumvi siku lile wimbi kubwa la bahari la Januari lilipoingia nyumbani kwake, halafu ikakaa kwenye mfuko huohuo miezi kadhaa, kuvu ikajipandia ilivyotaka. Bega la baba lilikuwa na madoa ya kijani. Shati lake la kanisani lilikuwa na mistari ya chumvi. Na jicho la kushoto halikuwepo. Palikuwa na weupe mtupu kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni, mahali karatasi ilipobanduka ikagandia kwenye nailoni.

Nilimtazama baba, nikamtazama shangazi, nikahisi moto unanipanda kifuani.

"Ungeileta mapema, shangazi."

"Ningeileta mapema ungeifanya nini? Ungeitia kiraka?"

Niseme wazi kwa nini nilitaka kumrushia mkasi. Picha ile ilikuwa yangu. Ilikaa ukutani kwangu hapa Ma'ufanga miaka yote ambayo baba aliishi nami akiugua sukari. Siku tulipomzika, shangazi alipita sebuleni akaonyesha kwa kidole mkeka wa harusi yangu. Akaonyesha zile nguo za magome ya mti alizoacha mama. Akaonyesha albamu, na mwisho akaonyesha picha ukutani. Kila alichokionyesha kikabebwa. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa kwetu dada wa marehemu ndiye mkubwa wa msiba. Akisema kitu ni chake, ni chake, na mtoto wa kaka yake anainamisha kichwa na kushukuru. Nikainamisha kichwa. Nikashukuru.

Tena siku zote za msiba yeye alikaa kwenye mkeka mzuri, kichwani pa baba, mimi niko uani kwenye moshi wa nguruwe, nimejifunga mkeka mkuukuu uliochanikachanika, unanifika kidevuni, maana ndivyo mtoto anavyomlilia babake. Hilo sikulalamikia. Nilikuwa nampenda baba, na ningejifunga hata gunia. Lakini nywele zangu zilikuwa zinafika kiunoni, na ni shangazi aliyezikata, kwa mkasi wangu mwenyewe wa kushonea, huku anaongea na mtu mwingine habari za viazi vikuu. Uso wa baba niliuona mara moja tu, wakati wa kumbusu kumuaga. Baada ya hapo uso wake wote duniani ulibaki kwenye ile picha, kwa sababu albamu nayo ilikwenda na maji. Na mwanamke huyu aliyeichukua kwangu aliiacha iliwe na kuvu.

Nikasema, "Sawa, shangazi. Nitaitengeneza."

Shangazi haambiwi hapana.

Kuipeleka kwa watengeneza mabango ya misiba kule mjini sikutaka. Kwao kila marehemu hutoka na ngozi ya mtoto mchanga na mawingu nyuma yake, hata kama alikuwa mlevi. Sikutaka baba apakwe mawingu na mtu asiyemjua. Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye darasa la Eseta, binti wa mchungaji wetu, aliyesoma Auckland akarudi na kompyuta kadhaa na mdomo mrefu. Alikuwa anafundisha kuhariri picha kwenye ukumbi wa kanisa, jioni, tukishatoka kazini. Darasani nilimkuta Siosaia, polisi mnene aliyetaka kutengeneza kalenda ya kwaya, na akina mama wawili watatu waliokuja kwa sababu pana feni.

Husemwa hasira hasara. Mimi hasira ndiyo iliyonifundisha kompyuta. Wenzangu walikuwa wanaogopa kubofya, mimi nilikuwa nabofya kama mtu anayeua chawa. Eseta aliipitisha picha ya baba kwenye skana, ikatokea kwenye kioo cha kompyuta na kuvu yake yote, akanionyesha jambo la kwanza.

"Picha ya asili huigusi, mama Toakase. Unaweka tabaka juu yake, kama karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Kazi yote unafanyia juu ya tabaka. Ukiharibu, unalitupa tabaka, picha iko palepale chini."

Jambo la pili lilikuwa muhuri. Unachagua mahali pasafi, unabofya, halafu unapiga chapa pale pachafu. Unachukua shati zuri unafunika shati bovu. Siosaia alijaribu muhuri wake kwa kiongozi wa kwaya, akampa pua mbili, na hakutaka kuifuta ya pili.

"Iache," alisema. "Anaimbia puani. Moja haimtoshi."

Nilisafisha ukuta nyuma ya baba. Nikasafisha bega. Nikaliosha shati lake kutoka kola hadi kifungo cha mwisho, doa moja baada ya jingine, na kila doa nililolifuta nililifuta kwa jina la shangazi. Hili kwa ajili ya mkeka wangu. Hili la nywele. Eseta alikuwa anapita nyuma yangu akisema nina mkono mzuri. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilianza kulala vizuri.

Halafu nikafika shingoni, nikapanda.

Nilikuza picha ili nione vizuri. Kichwa cha baba kikajaa kioo kizima, nywele zake zile za kijivu zilizosimama mbele. Nikataka kuisogeza kidogo, nikabonyeza kitufe alichotufundisha Eseta, na kile kishale kikageuka mkono. Mkono mdogo mweupe, vidole vitano, umetua katikati ya nywele za baba yangu.

Nikauachia ule usukani wa kompyuta, ule wanaouita kipanya, kana kwamba umeniunguza, maana kwetu mtoto hatii mkono kwenye kichwa cha babake.

"Mbona umesimama?" Eseta akauliza.

"Hicho ni kichwa cha baba."

"Nakiona. Anza na nywele, ndizo rahisi."

"Sijawahi kumtia baba mkono kichwani. Hata alipokuwa hajiwezi. Mimi nilikuwa namwogesha mpaka shingoni, kichwa anakuja kumwosha muuguzi."

"Mama, hicho si kichwa. Ni vidoa vya rangi." Akainama, akakuza zaidi na zaidi, mpaka nywele za baba zikawa vigae vya mraba, vya kijivu na kahawia. "Haya, niambie. Kichwa kiko wapi hapo?"

"Eseta," Siosaia akaita kutoka kwenye kona yake, bila kuacha alichokuwa anafanya. "Chapa picha ya mchungaji, iweke kwenye kiti, uikalie. Si vidoa tu?"

Ukumbi mzima ukaingia kwenye mabishano. Mama mmoja alisema Mungu haangalii kipanya, anaangalia moyo. Mwingine alimjibu kwamba moyo wenyewe ndio uliomkataza, sasa anamsukuma aende wapi. Eseta akasema basi aifanye yeye mwenyewe, dakika tano tu, tuendelee na somo.

"Wewe ni nani wake?" nikamuuliza, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Haya basi, mama. Nani anaruhusiwa?"

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu kila mtu humo ndani ana shangazi, na dada yuko juu ya kaka yake. Nilikuwa nimelijua jibu kabla hajauliza. Nilitamani kuipiga ile kompyuta teke. Nilikuwa nimemsafishia nusu ya kazi mwanamke aliyenipora, na sasa nusu iliyobaki, nusu yenye uso, ilikuwa lazima nikamwombe yeye.

Nilimpigia simu kesho yake.

"Yaani nimekupa kazi," alisema, "unaniita nikaifanye?"

"Kichwa tu, shangazi. Mwili nimemaliza."

Nikasikia kuku wake. "Nitakuja na basi la saa nane," akasema. "Wawe na kitu cha kula."

Alikuja amevaa mkeka wake wa kanisani kiunoni, amepaka mafuta, kama anakwenda kumwona mfalme. Alikula maandazi yote yaliyokuwa kwenye sahani ya darasa. Siosaia alimpisha kiti kikubwa bila kuambiwa. Akaketi mbele ya kioo, na nilipoifungua picha akajivuta nyuma kidogo, akashika ukingo wa meza.

Kumfundisha mtu unayempenda ni kazi. Kumfundisha unayemchukia, tena aliye juu yako, ni adhabu, na sijui nilikosa nini. Sikuweza kumshika mkono. Sikuweza kumkaripia. Aliinua kipanya hewani akakielekeza kwenye kioo.

"Kiteremshe mezani, shangazi. Kinatembea mezani."

"Kwa nini kitembee mezani na picha iko huku juu?"

"Ndivyo kilivyo."

"Kimetengenezwa na mjinga."

Alibofya mara saba mahali pa mara moja. Alipiga muhuri wa shati katikati ya paji la uso la baba, kifungo kikatokea hapo. Nilimwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma. Akakibonyeza, kifungo kikatoweka. Akakipenda hicho kitufe, akawa anakosea makusudi ili akibonyeze.

"Kinarudisha mpaka wapi?"

"Mpaka pale ulipofungua picha leo."

"Basi hakina faida," alisema, akaendelea.

Nitakuwa mkweli, ingawa inaniuma. Alijifunza. Alikuwa mfumaji mikeka maisha yake yote, na alipoacha kupigana na kipanya alianza kupiga muhuri mdogomdogo, mmoja karibu na mwingine, kufuata nywele zilikoelekea. Akamsafisha nywele. Akamsafisha paji la uso, sikio, kidevu. Eseta alikuja akasimama nyuma yetu. Mimi nilikuwa nasema tu: kuza, punguza, chagua pasafi, bofya. Hasira yangu nilikuwa nimeikalia.

Hatimaye likabaki jicho.

"Hapo hakuna cha kupigia chapa," Eseta akasema. "Karatasi imeondoka. Tunakopi jicho la kulia, tunaligeuza, tunaliweka kushoto. Watu wote wanafanya hivyo."

Tukamwelekeza, shangazi akalikopi, likageuzwa, likawekwa. Mtu mmoja akatutazama kutoka kwenye kioo, mtanashati, macho sawasawa kabisa, nisiyemjua. Baba kope yake ya kushoto ilikuwa imelegea tangu kuzaliwa. Alikuwa akikutazama unadhani anataka kukukonyeza, na wageni walikuwa wanamcheka kabla hajasema kitu.

"Huyu nani?" shangazi akauliza. Akabonyeza kitufe chake, mtu yule akaondoka.

Eseta alinigeukia. Alinitazama usoni kwa makini, kama fundi anayetazama kitambaa. "Mama Toakase, kope yako si imelegea vilevile? Tunakupiga picha, tunachukua lako."

Shangazi alikipiga kipanya mezani. "Jicho la mtoto kwenye kichwa cha babake? Mchungaji anajua unachofundisha humu?"

Kisha akavua miwani. Miaka yote ile nilikuwa simtazami usoni, natazama mikono yake, inachukua nini. Sasa nikaiona. Kope ya kushoto, imelegea, ileile.

"Nipige mimi," alisema.

Nilimpiga kwa simu yangu, karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande uleule uliokuwa kwenye picha ya baba. Eseta akalihamishia jicho kwenye kompyuta. Lilikuwa la mwanamke wa miaka sabini na tano, limejaa mikunjo, na shangazi aliisafisha mikunjo yake mwenyewe kwa muhuri, moja moja.

"Usizidishe, mama mkubwa," Siosaia akamwambia. "Utaolewa tena."

"Wewe kamata wezi," shangazi akamjibu, na hakugeuka.

Akalizungushia kamba ya kukatia, ule mstari wa kompyuta unaozunguka kitu unachotaka kukitoa, polepole. Akalibeba mpaka kwenye weupe ule. Likatua. Nikamwelekeza jinsi ya kulipunguza ukali wa kingo mpaka likaungana na shavu.

Baba alikuwa pale. Alikuwa karibu kunikonyeza.

Nilisikia kama nimepigwa. Nilikuwa nimeisubiri furaha, kumbe kilichokuja ni ghadhabu, kwa sababu nilitaka jicho lile likatae. Nilitaka lionekane la mwizi kwenye uso wa mtu mwema. Na lilikaa kama halijawahi kukaa mahali pengine.

Shangazi hakuwa ananitazama. Alikuwa amesogeza uso mpaka karibu na kioo. "Kovu hili sikujua alilipata wapi," alisema, akionyesha chini ya mdomo.

"Alianguka na baiskeli," nikasema. "Kovu la zamani sana, shangazi. Kabla sijazaliwa."

"Sikujua."

Kwetu kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja. Hawataniani, hawakodoleani macho. Ni heshima, na kila mtu anaijua, hata mimi nimeishi hivyo na kaka yangu. Ila sikuwahi kukaa nikafikiri maana yake kwa hawa wawili.

"Tangu aanze kuota ndevu sikumtazama," shangazi akasema. "Akiingia mlango huu, natoka ule. Miaka sitini. Kwenye msiba ndipo nikaruhusiwa. Nilimtazama nikashiba, siku zote zile nimekaa kichwani pake. Lakini alikuwa amefumba macho." Akaivaa miwani. "Kwa hiyo nikachukua picha."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyahifadhi kwa muda mrefu, mazuri, makali, nimeyanoa mbele ya cherehani usiku na mchana. Niliyatafuta yote, hata moja lisije.

Eseta akachapa picha kwenye karatasi kubwa nzito. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikampa shangazi kwa mikono miwili, kwa kuwa ilikuwa yake. Nilikuwa nimeshapanga. Ataondoka na hii, na basi likishapinda kona tu nitamwambia Eseta achape nyingine.

"Na usichape mbili," shangazi akasema. "Kaka yangu ni mmoja."

Hapo nilishindwa. Machozi ya hasira yalinitoka mbele ya darasa zima. "Shangazi, mkeka ulichukua. Nguo za mama ulichukua. Nywele zangu. Hata uso wa baba nisiwe nao? Mimi nilimlea miaka tisa." Sijawahi kumjibu hivyo, wala sijawahi kusikia mtu akimjibu shangazi yake hivyo. Siosaia aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Shangazi aliningoja nimalize. Halafu akanirudishia picha, akaibandika kifuani kwangu kwa kiganja.

"Itundike kwako," alisema. "Mimi nikimtaka, nina kioo nyumbani."

Akauliza basi la kurudi Kanokupolu linapita saa ngapi. Akajikung'uta makombo, akaweka sawa mkeka wake kiunoni, akaenda zake. Nilisimama mlangoni nikimwangalia anavuka barabara mikono mitupu. Nilitamani anyakue kitu. Chochote, hata kipanya cha watu, ili nijue pa kuipeleka hasira yangu.